Kiarabu cha madrasa kinavyosaidia Kifaransa

Ndugu msomaji, hapa Kimihurura tangazo la kazi linaweza kudai Kifaransa, nawe umesomeshwa kwa Kiingereza. Usikate tamaa, Kiarabu cha madrasa ni mtaji.

Jinsia: mudhakkar na muannath unazijua. Ila usizihamishe: shams ni ya kike, le soleil ni ya kiume, qamar ni ya kiume, la lune ni ya kike. Basi hifadhi kila nomino pamoja na le au la yake.

Matamshi: r hutoka kooni, karibu na ghayn. Konsonanti ya mwisho mara nyingi hunyamaza, lakini huweza kusikika mbele ya irabu: les livres, “le livr”, les amis, “lezami”.

Zoezi: nomino tano kila baada ya Alfajiri, kwa sauti. Wabillahi tawfiq.