Chavua: chakula cha nyuki wa jangwani tusichokitaja

Kila ninapofundisha Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, wanafunzi huuliza habari za asali na tiba yake. Mmoja tu ndiye aliyeniuliza: "Ustadhi, huko jangwani nyuki anakula nini?" Kwa hakika hilo ndilo swali lenyewe. Nitalijibu kwa mfano wa Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa zetu huko.

Ndugu msomaji, nyuki huchukua vitu viwili mauani. Mbochi, yaani maji matamu, ndiyo hugeuka kuwa asali. Chavua, ule unga wa manjano, ni chakula cha kukuzia majana. Nyuki walezi huila, kisha hutoa maziwa ya kuwalisha wadogo. Chavua ikikosekana malkia hupunguza kutaga, na mzinga hudhoofika hata kama umejaa asali. Hivyo anayeisifu asali ya mkunazi, ile ya sidr tunayoinunua kwa bei ya kuumiza, ajue kuwa nyuki walioivuna walikuzwa kwa chavua iliyotangulia.

Inatoka wapi? Mwanzoni mwa mwaka hutoka kwenye mtende dume, na hapa ndipo penye mvutano. Mitende jike na dume ni miti mbalimbali. Mkulima hangojei upepo, hupanda mwenyewe kupeleka maua ya dume kwa jike. Watu wa Madina walifanya hivyo zama za Mtume (s.a.w.), na kisa hicho kimo katika Sahih Muslim. Dume mmoja hutosha majike 50 hivi, basi shambani huachwa madume machache, tena makarara yake hukatwa mara tu yanapopasuka. Nyuki anabaki na nini? Makarara mawili matatu yakiachwa juu, mwenye tende hapungukiwi.

Chini ya mitende, penye maji ya mifereji ya falaj, hulimwa katti, majani ya mifugo yenye maua ya zambarau. Ukiyaona utadhani ni karamu ya nyuki. Sivyo. Ua lake hufyatuka na kumpiga nyuki kichwani, naye hujifunza kuiba mbochi kwa ubavuni bila kugusa chavua. Zaidi ya hayo, mkulima huyafyeka mapema, kabla hayajachanua sana.

Mahindi na maboga husaidia zaidi. Hata mbigiri, tunaoulaani kwa miiba yake, una chavua nzuri na huchanua penye ukame.

Lililo zito ni dawa. Mitende ya Oman hushambuliwa na mdudu mfyonzaji aitwaye dubas, na dawa imekuwa ikinyunyizwa hata kwa ndege. Ikimwagwa maua yakiwa wazi, nyuki hubeba sumu pamoja na chavua na kuipeleka kwa majana. Mfugaji aliyeambiwa mapema huhamisha mizinga au huifunga kwa muda. Asiyeambiwa huokota nyuki wafu mlangoni mwa mzinga.