Kuhakiki Video Iliyopakuliwa Nusu Kabla ya Somo

Mwalimu makini hukagua kifaa chake cha kufundishia kabla hajaingia darasani. Huitundika ramani ukutani akaenda kusimama nyuma ya madawati kuona kama maandishi yanasomeka. Huiwasha jiko la majaribio kabla ya wanafunzi kuketi. Enzi za vipindi vya shule vya redio jambo hilo halikuwezekana, kwani mwalimu na wanafunzi walikisikia kipindi kwa wakati mmoja. Video iliyohifadhiwa katika kompyuta au simu imeturudishia uwezo wa kukagua. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuhakiki video ambayo bado haijamaliza kupakuliwa, maana hiyo ndiyo hali ambayo walimu wengi wa vijijini hujikuta nayo.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwanafunzi aliyepangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika kata ya Salale, wilayani Kibiti, kwenye delta ya mto Rufiji. Huko msitu ni mikoko, na safari za watu hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Akiwa Kibiti mjini anaanza kupakua video ya dakika 10 inayoeleza jinsi mizizi ya mikoko inavyopata hewa. Anaelekea Nyamisati, ambako vyombo vya kwenda Mafia huondokea, na njiani mtandao unakatika. Faili limefika asilimia 60, na kifurushi cha intaneti kimekwisha. Je, anunue kingine ili alimalize, au aliache atafute video nyingine? Akikosea, hupoteza fedha zake; na akiingia darasani na faili lisilofunguka, darasa zima hupoteza kipindi.

Ili aweze kuamua, yampasa kwanza ajue kilichomo katika hiyo asilimia 60. Hesabu yake si ngumu. Video inayotumia megabiti 1 kwa kila sekunde hutumia megabiti 600 katika dakika 10, yaani megabaiti 75, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Asilimia 60 ya megabaiti 75 ni 45. Ikiwa faili lilipakuliwa kwa mfuatano tangu mwanzo, basi mwalimu anazo takribani dakika 6 za kwanza. Tunasema takribani kwa sababu picha zenye mwendo mwingi aghalabu hula nafasi zaidi kuliko picha tulivu.

Neno "kwa mfuatano" lisipitwe haraka. Vivinjari vya kawaida hupakua kwa mfuatano. Lakini zipo programu za kuharakisha upakuaji ambazo huligawa faili vipande na kuvileta vyote kwa pamoja, na mfumo wa torenti huchukua vipande kutoka kwa watu mbalimbali bila kufuata utaratibu wa mwanzo hadi mwisho. Hapo asilimia 60 huwa kama kitabu chenye kurasa zilizonyofolewa huku na huko. Baadhi ya programu za torenti humruhusu mtumiaji kuamuru vipande vije kwa mfuatano, na mwalimu anayetaka kuhakiki mapema afanye hivyo tangu mwanzo. Tena asidanganywe na ukubwa wa faili unaoonekana: baadhi ya programu hutenga nafasi yote mapema, hata faili tupu likaonekana limejaa.

Sasa tufike kwenye jambo linalowakanganya wanafunzi wetu kuliko yote. Mafaili mawili yamekatika mahali pamoja. Moja linafunguka na jingine linakataa kabisa. Sababu ni fahirisi. Faili la aina ya MP4 lina sehemu kuu mbili: picha na sauti zenyewe, na fahirisi inayoieleza programu kila picha iko wapi na ionyeshwe lini. Fahirisi ikiwekwa mwanzoni, sehemu iliyokwisha kufika huchezeka. Ikiwekwa mwishoni, kama zifanyavyo kamera na simu nyingi zinaporekodi, basi hata asilimia 95 haitaonyesha kitu. Faili la namna hiyo halijaharibika. Limekosa fahirisi tu, na dawa yake ni kumalizia upakuaji. Aina ya AVI nayo huweka fahirisi mwishoni, lakini muundo wake huiwezesha programu nzuri kuunda fahirisi mpya kwa kulipitia faili. Mfumo wa vipakiti unaotumika katika televisheni ya dijitali ni mvumilivu zaidi: kila kipakiti kina baiti 188, na ulibuniwa kwa mtazamaji ambaye huwasha king'amuzi wakati kipindi kimeshafika katikati.

Programu tunayoipendekeza ni VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu mwaka 2001 hutolewa kwa leseni huria. Hailipiwi, nayo hufanya kazi katika kompyuta na simu. (Alama yake ni ile koni ya barabarani ya rangi ya chungwa, ambayo wanafunzi wetu hawaisahau.) Haihitaji faili liwe kamili: husoma kilichopo hadi kinapokoma.

Katika kompyuta, mwalimu asimamishe upakuaji bila kuufuta, kisha alitafute faili katika folda yake. Firefox huliongezea jina lenye mwisho wa .part, na Chrome .crdownload. Firefox mara nyingi huweka pia faili la pili lenye jina kamili lakini lenye ukubwa wa sifuri. Wengi hulifungua hilo, wakakata tamaa bure. Anakili faili lenye data, kisha aifungue nakala hiyo kwa VLC. Asiliguse faili la asili wala kulibadili jina, maana kivinjari kitalitafuta kitakapoendelea, iwapo seva ya upande wa pili inaruhusu kuendelea kutoka pale palipoishia. Katika simu faili lisilokamilika mara nyingi hufichwa, hivyo kompyuta ni bora.

Anapotazama, ajiulize maswali ya kialimu. Lugha ni ile ambayo wanafunzi wataielewa? Sauti itasikika chumbani mwenye watoto wengi? Je, mikoko inayoonyeshwa inafanana na ile wanayoiona kila siku, au ni ya nchi ya mbali yenye majina wasiyoyajua? Mtoto wa Salale anaujua mkoko kuliko mtengenezaji wa video, naye atagundua kosa mara moja. Dakika 2 zatosha kuamua kama fedha ya kifurushi cha pili itumike.

Wapo wakufunzi wanaoshikilia kwamba video iliyokatika isitumiwe darasani kamwe. Sisi hatuendi mbali hivyo. Ikiwa dakika zilizopo zinatimiza lengo la somo, na mwalimu amezitazama zote, akaandika katika andalio la somo sekunde atakayosimamisha, hatuoni kizuizi. Tunachokataa ni kuhakiki nusu ya kwanza, kumalizia upakuaji, kisha kuwaonyesha watoto nusu ya pili ambayo mwalimu mwenyewe hajaiona.

Onyo moja zaidi. Tovuti ikidai kwamba ni lazima usakinishe kichezeo chake maalumu ndipo uone video, iache. Mara nyingi huo ni mtego wa kuingiza virusi. Na faili lililofungwa kwa ZIP halihakikiwi kwa njia hii, kwani orodha ya vilivyomo huwa mwishoni.

Zoezi kwa wanachuo: chukueni video ya MP4 yenye fahirisi mwishoni. Kwa programu huria ya FFmpeg tengenezeni nakala ambayo fahirisi yake imehamishiwa mwanzoni. Picha hazipungui ubora. Wekeni mafaili yote mawili katika seva ya chuo, pakueni kila moja na kusimamisha upakuaji katikati, kisha jaribuni kuyafungua. Andikeni mlichokiona, na mwelezane ni nakala ipi mngemtumia mwenzenu aliyeko delta.