Chaja ya wati ngapi? Maswali ya Samunge kuhusu laptopu na betri yake

Watanzania wengi waliifahamu Samunge mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ndefu kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Foleni zile zilikwisha. Siku hizi kazi nyingi za mwalimu, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ziko ndani ya laptopu, na chaja ikifa duka la uhakika liko mbali: unateremka hadi Engaresero, unapita Engaruka na Mto wa Mbu, ndipo upande Karatu. Ukirudi na chaja isiyofaa, nauli imepotea na ripoti imechelewa. Maswali yanayofuata nimeyajibu nikiwa na safari hiyo akilini.

Shikamoo, fundi. Chaja yangu ilikuwa ya wati 65, imekufa. Muuzaji wa Karatu ana ya wati 90 tu. Haitaniunguzia mashine? (Mwalimu wa shule ya msingi)

Marahaba, mwalimu. Haitaunguza, mradi volti ziwe zilezile na pini iingie sawasawa.

Igeuze chaja iliyokufa usome maandishi madogo ya mgongoni. Palipoandikwa Input ni umeme unaoingia kutoka ukutani. Palipoandikwa Output ni umeme unaokwenda kwenye mashine, na hapo ndipo pa kutazama. Chaja nyingi za Dell za wati 65 zimeandikwa volti 19.5 na ampia 3.34. Zidisha, unapata 65. Ya wati 90 ina volti 19.5 zilezile, ila ampia ni 4.62. Lenovo nyingi ni volti 20 na ampia 3.25, nazo ni wati 65.

Huko Samunge mmekulia kando ya mifereji ya Wasonjo, kwa hiyo mtanielewa upesi. Volti ni msukumo wa maji, ampia ni kiasi ambacho shamba limefungua. Msukumo ukizidi, kingo zinabomoka. Lakini mfereji mkuu ukiwa na maji mengi kuliko mahitaji ya shamba lako, hakuna kinachoharibika, kwa sababu wewe ndiye unayefungua kadiri ya haja yako. Laptopu nayo hujifungulia yenyewe: ikihitaji wati 50 itachukua 50, hata chaja iwe na uwezo wa 130.

Tofauti ndogo, kama ya volti 19 na 19.5, mashine nyingi huivumilia. Chaja ya volti 12 au 24 usiijaribu hata kwa dakika moja, hata kama pini inaingia. Tazama pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Unaonyesha upande upi wa pini ni chanya, na lazima ufanane na wa chaja ya zamani.

Kuna jambo moja linalowasumbua wenye Dell na HP. Ndani ya pini ya chaja zao kuna sindano nyembamba katikati, na kwa sindano hiyo chaja hujitambulisha kwa mashine. Ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu inaweza kuwaka vizuri lakini betri haichaji, na kazi zinakwenda polepole. Wengi hukimbilia kununua betri mpya wakati ugonjwa uko kwenye pini.

Na ya wati 45 kwenye mashine ya 65? (Huyohuyo)

Itakufaa kwa dharura tu. Laptopu ikiwa imezimwa, betri itajaa, ila taratibu. Ukiwa unaitumia kwa kazi nzito, betri inaweza kuendelea kushuka ingawa umechomeka, na mashine inajipunguzia kasi. Mzigo mkubwa unaiangukia chaja yenyewe, maana inafanya kazi kwenye ukomo wake muda wote na inachemka. Chaja nzuri hujikinga ikizidiwa, ya bei ya kutupa huyeyuka.

Kaka, laptopu yangu inatumia taipu C. Simu yangu ina chaja ya kasi ya wati 67. Mbona kwenye laptopu haifanyi kitu? (Kijana wa stesheneri)

Kwa sababu ile namba 67 inahusu simu ya kampuni ileile. Kampuni nyingi za simu zina njia yao ya kuchaji kwa kasi, ambayo laptopu haiielewi. Vikikosa kuelewana, chaja inarudi kwenye volti 5 au 9, na laptopu nyingi hazikubali hapo.

Laptopu za taipu C zinatumia utaratibu wa pamoja unaoitwa Power Delivery, na chaja zake huwa na herufi PD. Chaja na mashine huulizana kwanza, kisha hukubaliana volti: 5, 9, 15 au 20. Laptopu nyingi zinataka 20. Kwa hiyo dukani usiishie kusoma namba kubwa iliyo kwenye boksi. Soma mgongo wa chaja utafute pameandikwa 20V. Ikiwa na 20V na ampia 3.25, hiyo ni wati 65 za kweli na itatosha laptopu nyingi za kazi za ofisini. Pasipokuwa na 20V, irudishe.

Usisahau waya. Waya wa kawaida wa taipu C unapitisha ampia 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kwenda juu ya hapo unahitaji waya wa ampia 5, ambao una kijichipu cha kujitambulisha ndani. Kijana anaweza kununua chaja ya wati 100, akaifunga na waya wa simu, akabaki na 60, halafu lawama zote akamtupia muuzaji wa chaja.

Ukiniuliza maoni yangu: kwa mtu wa Samunge anayenunua laptopu leo, achague inayochajiwa kwa taipu C. Chaja moja inatosha mashine na simu, na jirani akiwa nayo mnaweza kuazimana.

Fundi, zahanati yetu ina paneli ya wati 100, betri ya volti 12 ya ampia-saa 100 na inveta ya wati 150. Nikichomeka laptopu jioni, inveta inalia na kuzima. Ninunue inveta kubwa? (Mhudumu wa afya)

Usinunue kwanza, dada. Twende na hesabu.

Chaja ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta kama wati 75 kutoka kwenye inveta, kwa kuwa nyingine hupotea kwa joto. Inveta nayo ina upotevu wake, hivyo kutoka kwenye betri ya sola zinatoka kama 85. Gawanya kwa volti 12: ni ampia 7. Inveta ya wati 150 inalimudu hilo. Kelele zake hazitokani na uzito wa laptopu. Inalia kwa sababu volti za betri zinashuka, nayo imetengenezwa kujizima kabla betri haijakauka.

Zinashuka kwa nini? Mara nyingi ni mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni nyaya. Waya mwembamba na mrefu kutoka kwenye betri hadi kwenye inveta unakula volti, na ampia 7 si kidogo. Fupisha, weka nene, kaza vichwa vya betri na uondoe ule unga mweupe. La pili ni saa. Jioni betri imeanza kubeba taa na simu za watu wote, nawe unaiongezea laptopu.

Hesabu ya siku nzima iko hivi. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inatoa pungufu ya 100, tuseme 70. Kwa saa tano za jua kali unapata kama wati-saa 350. Betri ya volti 12 ya ampia-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ikiwa ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, la sivyo hutakaa nayo. Betri ya laptopu ya kawaida ni wati-saa 40 hadi 60. Kuipandisha kutoka asilimia 20 hadi 80 ni wati-saa 30 hivi, na ukiweka upotevu wa njiani ni 40. Kwa paneli yako hiyo si mzigo, ukichaji kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Jua linaingia moja kwa moja kwenye laptopu, badala ya kulazwa kwenye betri ya sola ambayo nayo hula sehemu ya unachoiwekea. Jioni fanya ripoti kwa betri ya laptopu yenyewe.

Kuna njia iliyo bora zaidi, na ninaisisitiza kwa kila anayeishi kwa sola: ruka inveta. Inveta inageuza volti 12 kuwa 230, halafu chaja inarudisha 230 kuwa 20. Unalipa ushuru mara mbili kwa safari ya kwenda na kurudi. Zipo chaja za taipu C za kwenye gari, zinazopokea volti 12 na kutoa PD ya wati 45 au 65. Funga soketi ya gari kwenye mfumo wako wa sola, na uweke fyuzi karibu na betri. Fyuzi si pambo. Kama utapitisha kwenye sehemu ya mzigo ya kontrola ya sola, hakikisha kontrola ni ya ampia 10 au zaidi.

Na hapa, tofauti na nilivyomjibu mwalimu, wati ndogo zinaweza kuwa uamuzi mzuri. Mashine nyingi nyepesi zilitoka kiwandani na chaja ya 45. Kama yako ni mojawapo, 45 inavuta ampia 4 na kitu badala ya 6 au 7, nyaya hazipati moto, na betri ya sola inapumua. Kwenye sola, angalia kwanza chanzo chako kina nini, ndipo uchague chaja.

Tunatumia jenereta kwenye semina. Umeme ukipanda na kushuka hauui chaja?

Soma tena palipoandikwa Input: chaja nyingi zinapokea volti 100 hadi 240. Umeme mdogo hauziui. Kinachoziua ni mshtuko wa ghafla jenereta inapowashwa, inapozimwa au inapoishiwa mafuta. Iwashe, iache itulie, ndipo uchomeke. Chomoa kabla ya kuzima.

Laptopu yangu inakaa kwenye chaja kutwa nzima. Sasa nikichomoa inazima baada ya nusu saa. Chaja ya wati nyingi ndiyo iliyoiua betri? (Kijana wa stesheneri)

Hapana. Mashine yenyewe ndiyo inayopima kiasi cha kuingiza kwenye betri, kwa hiyo hilo usiisingizie chaja. Betri za lithiamu-ayoni, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, zina maadui wawili wakubwa: joto, na kukaa zimejaa au zimekauka kwa muda mrefu. Yako imekutana na joto na kujaa kwa pamoja. Inashinda kwenye asilimia 100, chini ya bati, juu ya meza yenye jua la mchana, na matundu ya feni yamejaa vumbi.

Betri huzeeka hata ukiitunza. Nyingi hutoa mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na Apple huahidi mizunguko 1,000 kwa MacBook za miaka ya karibuni. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika: ukitumia 50 leo na 50 kesho, ni mmoja. Kuchomeka mara kwa mara hakuhesabiwi kama wengi wanavyodhani, na ule ushauri wa kuikausha kabisa kabla ya kuchaji ulikuwa wa betri za nikeli za zamani. Kwa lithiamu unadhuru.

Pima usibahatishe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Tafuta namba mbili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa kujaa wa sasa. Ukikuta 41,000 na 24,600, betri imebaki na asilimia 60, bado ina kazi. Ikishuka chini ya 40, tafuta nyingine.

Mpya ukiipata, ingia kwenye mipangilio ya mtengenezaji uweke ukomo wa 80. Lenovo, Dell, HP na Asus wanayo kwenye mashine zao nyingi. Safisha feni. Apple inaonya kwamba mazingira yakizidi nyuzi joto 35 uwezo wa betri unaweza kuharibika kwa kudumu, na onyo hilo linafaa kwa mashine zote. Kwa hiyo kwenye gari, usiiweke laptopu kwenye dashibodi wala chini ya turubai la nyuma mnapokatiza bonde la Ziwa Natron. Izime kabisa, iweke kwenye begi chini ya kiti. Ukiiacha kwa likizo nzima, iache ikiwa na nusu ya chaji.

Kiguso cha panya kimeinuka na kifuniko cha chini hakikai. Ni nini?

Betri imevimba. Zima, chomoa, usichaji tena. Usiibonyeze, usiitoboe ili itoe hewa. Gesi iliyo ndani inashika moto. Ipeleke kwa fundi anayeweza kuifungua bila kuipinda, na ikishatolewa isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa. Mtoto akiitoboa kwa msumari, ataungua.

Naenda Karatu Jumatatu kununua chaja. Nibebe nini?

Beba laptopu yenyewe, betri ikiwa imeshuka hadi asilimia 30 hivi. Ikiwa imejaa hutaona kama chaja inachaji. Piga picha mgongo wa chaja ya zamani na mgongo wa mashine. Dukani chomeka, subiri kama dakika 20, uone asilimia zinapanda huku umefungua kazi. Ishike chaja: uvuguvugu ni kawaida, ikikuchoma usiichukue. Yenye maandishi yaliyokosewa au nyepesi ajabu kwa wati inazodai, iache hapohapo. Omba risiti yenye tarehe na muda wa kuirudisha, na mwambie muuzaji wazi kwamba unatoka Samunge, ili muda atakaokuandikia ulingane na umbali wa kurudi.