ANTIGONE: SOMO LETU LA KINGEREZA



Katika gazeti letu mumezoea kusoma habari za mupira na za kwaya. Leo siye wa mwaka wa sita tunataka kuwaeleza juu ya kitabu tulichosoma katika kozi ya Kingereza. Wengine watasema: "Mambo ya Wagriki wa zamani itatusaidia nini kwa Exetat?" Siye pia tulisema vile ile siku ya kwanza. Kisha tulibadilika.

Kitabu kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima. Mwalimu aliandika kipande ubaoni, tukanakili, tukatafuta maneno katika diksionere, kisha watu wawili watatu wakasimama mbele na kusoma kwa sauti. Kazi ilikwenda polepole, lakini ule upolepole ulitulazimisha kufikiri juu ya kila neno.

1. Nani aliandika, na wapi?

Ni Sophocles, Mugriki aliyezaliwa karibu na mwaka wa 496 mbele ya Yesu, pembeni ya muji wa Athens. Aliandika michezo zaidi ya 100, lakini ile inayobaki mizima ni 7 tu. Antigone ilichezwa karibu na mwaka wa 441 mbele ya Yesu. Watu waliketi kwenye mutelemko wa kilima, muchana, bila paa juu yao. Wachezaji wote walikuwa wanaume, na walifunika uso na sura za bandia. Kulikuwa pia kundi la waimbaji. Katika muchezo huu ni wazee wa muji wa Thebes. Siye wanakwaya tuliwaelewa upesi: hawaimbe kwa kupendeza masikio tu, wanashauri, wanaogopa, na mara ingine wanabadili mawazo.

2. Habari yenyewe

Wandugu wawili, Eteocles na Polynices, walipigania ufalme wa Thebes. Polynices alileta jeshi la kigeni juu ya muji wake mwenyewe. Wakauana siku moja. Creon, ndugu wa mama yao, akawa mufalme. Akatoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, Polynices atupwe inje, ndege na imbwa wamule. Atakayemuzika atauawa.

Dada yao Antigone akakataa. Akaomba dada yake Ismene wasaidiane. Ismene akaogopa. Antigone akaenda peke yake, akamwangia ndugu yake udongo. Walinzi wakamukamata. Mbele ya mufalme hakukana: alisema amri ya mutu haiwezi kupita sheria ya mbinguni, ambayo haikuandikwa na mutu. Creon akaamuru afungiwe angali muzima ndani ya pango, na chakula kidogo tu.

3. Neno moja lililotufungua akili

Katika Kingereza Creon ni "uncle" wa Antigone. Neno hili halisemi kama ni wa upande wa baba ao wa mama. Lakini tulipoliweka katika luga yetu, darasa lote likashituka: Creon ni mujomba! Kwetu mujomba njo mutu wa kukimbilia wakati wa shida, na hapa yeye ndiye anayekataza mutoto wa dada yake kuzikwa. Tena Haemon, muchumba wa Antigone, ni mutoto wa Creon. Ginsi hii tulijua kwamba haiko habari ya serikali tu. Ni nyumba moja inayojivunja yenyewe.

4. Mabishano yetu

Mwalimu aliuliza: "Nani yuko na haki?" Darasa likagawanyika karibu nusu kwa nusu.

Wa upande wa Creon walisema: muji umetoka vitani, bila sheria vita itarudi. Polynices alileta adui. Tena Creon hakuhurumia hata mutu wa nyumba yake, na inchi ingepata wakubwa wengi wasiopendelea wandugu zao, tungefurahi! Tulicheka, lakini neno hili lilikuwa na nguvu.

Wa upande wa Antigone walijibu: kumuazibu mutu mwenye uhai ni kazi ya mufalme, lakini maiti haiko tena mutu wa mufalme. Wadada wawili wakatetea Ismene: kuogopa haiko zambi, na Antigone alimujibu dada yake kwa ukali sana. Kweli, baadaye Ismene alitaka kufa pamoja naye, na Antigone akamukataa.

Ndipo mumoja akauliza: "Lakini maiti inajua nini? Inafaa kweli mutu muzima afe juu yake?"

Mwenzetu asiyesema sana akasimama. Alisema kwao walifanya matanga ya kaka yake bila maiti. Alitoka wakati wa vita, hakurudi, na hakuna mutu aliyewaonyesha mahali. Mpaka leo, mvua ikinyesha usiku, mama yake anaamuka na kuketi. "Maiti haijue kitu," alisema. "Mama njo anajua."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu akafunga kitabu kabla ya kengele.

5. Rispa

Siku ya kufuata tulisoma 2 Samweli 21. Huko kuna mwanamuke Rispa. Watoto wake wawili waliuawa pamoja na wengine watano wa jamaa ya Saulo, na mufalme Daudi ndiye aliyewatoa. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akafukuza ndege muchana na nyama wa pori usiku, toka mwanzo wa mavuno mpaka mvua ilipowanyeshea. Habari ikafika kwa Daudi. Akakusanya mifupa, hata ya Saulo na Yonatani, wakazikwa.

Tazameni tofauti. Wafalme wote wawili walikuwa na makosa. Lakini Daudi aliposikia, alitenda. Creon aliambiwa na mutoto wake Haemon, akakasirika. Aliambiwa na nabii kipofu Tiresias, akamutukana. Mwishoni aliogopa, akakubali. Wazee walimushauri: kwanza mutoe yule musichana, kisha uzike maiti. Yeye alianza na maiti. Alipofika pangoni, Antigone alikuwa amejinyonga. Haemon akajiua mbele ya baba yake, na mke wa Creon, aliposikia, akajiua vilevile. Creon akabaki muzima, na hiyo njo azabu yake.

6. Kwa nini kitabu hiki hakifi

Mwaka wa 1944 Jean Anouilh alileta Antigone yake Paris, wakati Wadachi walikuwa wanatawala muji. Mwaka wa 1973, Afrika ya Kusini, Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitoa muchezo wa wafungwa wawili wanaotayarisha Antigone gerezani. Nelson Mandela aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1994 kwamba gerezani Robben Island yeye mwenyewe alicheza Creon. Na ngambo ya muto wetu, Sylvain Bemba wa Brazzaville alitoa Santigone yake mwaka wa 1988. Kila mahali watu wanapogombana juu ya amri na zamiri, wanamuita tena huyu musichana.

7. Tulilojifunza

Hatukupiga kura. Tulikubaliana jambo moja: sheria ni ya lazima, lakini mukubwa asiyesikia mupaka achelewe, anaua hata wale aliotaka kuwalinda. Na jambo hili haliko la wafalme tu. Kapita wa darasa, mukubwa wa internat, kaka nyumbani, kila mumoja wetu iko na Creon kidogo ndani yake.

Maulizo ya kujifunza
1. Kama ungekuwa Ismene, ungefanya nini ile usiku ya kwanza?
2. Creon angeweza kugeuka saa gani, na nani alimupa nafasi?
3. Soma Warumi 13 na Matendo 5:29. Yanapatana namna gani?

Mujibu katika gazeti litakalofuata.

Siye, wanafunzi wa mwaka wa sita