Harusi imesogezwa na tiketi za maili tayari tunazo: tufute?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nesi, naishi Houston na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mwezi wa tatu nilibuku tiketi mbili za Qatar, yangu na ya mtoto, kwenda Kilimanjaro kupitia Doha, kwa maili za American Airlines nilizokusanya kwa kadi ya benki. Ni maili 40,000 kwenda na 40,000 kurudi kwa kila mmoja, jumla 160,000, na kodi nikalipa kwa kadi. Tunaondoka Desemba 18, tunarudi Januari 4. Mume wangu anasafiri tarehe hizo hizo na KLM kupitia Amsterdam. Kwenye Qatar nafasi ya tatu haikupatikana, ikabidi ahamishe pointi zake za Chase kwenda Flying Blue.

Safari yote tuliipanga kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, Desemba 27, Moshi. Wiki iliyopita kamati imeisogeza hadi Januari 10 kwa sababu ya ukumbi. Rafiki yangu ananisihi nifute tiketi zote haraka kabla sijaanza kutozwa, halafu nisubiri nauli zishuke Januari ninunue kwa pesa. Mume wangu anasema tubadili zote tatu, twende Januari. Nimebakiwa na maili 22,000 tu. Nikifuta, kweli zinarudi? Nikibadili, nitalipa nini? Baba ana miaka 78, na mbuzi wa Krismasi ameshamchagua.

Nesi wa Houston

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mdogo wako kupata jiko, na poleni na hiyo kamati.

Nianze na rafiki yako, maana yeye ndiye anayekukosesha usingizi. Hakuna saa inayohesabu pesa zako. Tangu 2020 American haitozi ada ya kufuta tiketi ya maili wala ya kurudisha maili kwenye akaunti. Unaweza kufuta leo, unaweza kufuta Desemba 17, matokeo ni yale yale: maili zinarudi zote kwenye akaunti zilikotoka na kodi inarudi kwenye kadi uliyolipia. Sharti ni moja, ufute kabla ndege ya kwanza haijaondoka. Anayekaa kimya nyumbani huku ndege ikiruka bila yeye huhesabiwa kuwa hakutokea, na hapo safari nzima hufutika, ya kwenda na ya kurudi, na kuzidai zile maili inakuwa kazi nyingine.

Kwa hiyo kufuta ni bure, lakini usidhani kwamba hutapoteza kitu. Qatar huwapa mashirika wenza wake siti chache tu za kuuza kwa maili katika kila ndege. Wewe ulizipata mwezi wa tatu. Ukiziachia, zinarudi kwa Qatar, na Qatar halazimiki kuzirudisha kwenye fungu la maili. Anaweza kuziuza kwa pesa taslimu kwa Mchagga mwingine anayekimbilia nyumbani. Siti ya Doha kwenda Kilimanjaro wiki moja kabla ya Krismasi, mbili kwa pamoja, kwa maili 40,000 kila moja, hutaipata tena mwaka huu.

Kama unaona nakutisha, piga hesabu. Tafuta nauli ya pesa kwa tarehe zako hizo hizo, toa kodi uliyolipa, kinachobaki gawanya kwa maili. Tuseme unakuta dola 1,900 na kodi ulilipa 110. Inabaki 1,790, gawanya kwa 80,000, kila maili imekufanyia kazi ya senti mbili na kitu. Sasa fanya hivyo kwa katikati ya Januari, watu wameshasafiri. Ukikuta dola 1,150, thamani inashuka hadi senti moja na nukta tatu. Yaani kwa tarehe za Desemba maili zako ni ghali sana kuziachia, na hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapogeuka kichwa chini miguu juu. Anataka uachie kilicho ghali ili ulipe pesa kwa kilicho rahisi, kisha ubaki na maili 182,000 kwenye akaunti ukizitazama. Maili si hisa za SACCOS. Hazizai gawio, na shirika linaweza kupandisha bei ya tiketi kwa maili wakati wowote bila kuitisha mkutano wa wanachama.

Kabla hujagusa chochote, hata hivyo, nataka uniulizie jambo moja huko Moshi. Hiyo Januari 10 imesemwa na nani? Kama ni kamati kwenye kundi la WhatsApp, bado haijawa tarehe. Mpigie baba, umuulize mambo mawili tu: ukumbi umelipiwa malipo ya awali, na kanisa limeikubali siku hiyo? Kamati iliyosogeza mara moja kwa sababu ya ukumbi inaweza kusogeza tena kwa sababu ya mpambaji. Subiri paroko au mchungaji aandike tarehe kwenye kitabu chake. Una muda, nimeshakwambia saa haihesabu.

Tuseme imethibitika. Msifute, na wala msihamishe safari nzima. Tiketi za kwenda ziacheni zilivyo. Sogeza kurudi tu, kwako na kwa mtoto, kutoka Januari 4 hadi Januari 12 au siku yoyote ya karibu itakayokuwa na siti mbili. Mnakula Krismasi na baba, mnakaa kwenye mkutano wa ukoo kama unafanyika siku zile za baada ya Krismasi, mnaingia mwaka mpya nyumbani, na harusi mnaiona. Mume wako anayetaka mwende wote Januari amesahau kwamba nusu ya watu mnaotaka kuwaona Moshi watakuwa wamesharudi Dar na Arusha kazini.

Kuhusu mtoto, najua utajaribiwa kumrudisha Januari 4 awahi shule. Haiwezekani, angalia tiketi vizuri. Yeye yuko Qatar nawe, baba yake yuko KLM. Ukibaki Moshi, mtoto wa miaka tisa atapita Doha na nani? Kumhamishia kwenye ndege ya baba yake ni kununua tiketi mpya ya KLM katika siku ambazo kila mtu anarudi. Abaki nawe. Sheria ya Texas inamtaka mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 90 ya siku za masomo ili ahesabiwe darasa lake, na kukosa wiki moja hakumshushi chini ya hapo kama hajakosa sana muhula huo. Mwandikieni mwalimu mapema, mchukue kazi za wiki hiyo, azifanyie kwa babu.

Sasa kazi yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya American kwa akaunti yako, tafuta kama mtu anayebuku upya: Kilimanjaro kwenda Houston, upande mmoja, kwa maili, abiria wawili. Usitafute kwa abiria mmoja. Siti ikiwa moja utaiona, utafurahi, utapiga simu, na utaambiwa mtoto hana pa kukaa. Angalia Januari 11, 12, 13, na hata 14. Andika pembeni namba ya ndege ya Qatar kutoka Kilimanjaro, namba ya ile ya Doha kwenda Houston, na bei ya maili inayoonekana. Ikiwa ni 40,000 kila mmoja, kubadili hakutakugharimu maili hata moja, labda tofauti ndogo ya kodi. Ikionekana juu ya hapo, tofauti inatoka kwenye zile 22,000, na kwa watu wawili hiyo ni 11,000 kwa kila mmoja. Zaidi ya hapo iache, jaribu siku nyingine.

Kama Kilimanjaro hakuna siti, tafuta kutoka Dar na kutoka Nairobi, kote huko Qatar anafika. Moshi hadi Nairobi kupitia Namanga ni safari ya basi ya mchana mmoja, na wazee wa Moshi walikuwa wanaifanya kabla uwanja wa Kilimanjaro haujajengwa. Utakapotafuta Nairobi, usishangae kuona British Airways kupitia London. Nayo inanunulika kwa maili hizo hizo, lakini angalia safu ya kodi na tozo kabla hujashangilia, kwa sababu British Airways wana tabia ya kubandika mamia ya dola pale.

Ukishaiona siti, ndipo unapiga simu. Piga American, usipige Qatar. Tiketi yako ina namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza ni 001, ndiyo alama ya American. Maana yake mwenye tiketi ni American ingawa ndege ni ya Qatar, na ukiwapigia Doha watakurudisha huko huko. Mwambie mhudumu hivi, polepole: nataka kubadili ndege za kurudi tu, za kwenda usiziguse, nataka ndege hizi na hizi za tarehe hii, nimeziona kwenye tovuti zikiwa na siti mbili. Asiachie siti za Januari 4 mpaka ameshika za Januari 12. Mwombe akusomee jumla ya maili na kodi kabla hajabonyeza kitu. Akikwambia hazioni, au akaanza kukutajia ada usizozielewa, shukuru, kata simu kwa adabu, upige tena baada ya saa moja. Wahudumu hawalingani, na wa pili mara nyingi huona kilichomshinda wa kwanza.

Ukimaliza simu kazi bado haijaisha. Hapa ndipo watu wengi huumia uwanjani. Kubadili kuna hatua mbili: kwanza siti zinawekwa kwenye safari yako, kisha tiketi inatolewa upya. Hatua ya kwanza huonekana mara moja, ya pili inaweza kuchukua saa au siku, na mara nyingine hukwama kwenye foleni ya kompyuta bila mtu kujua. Subiri barua pepe yenye namba mpya ya tiketi, tarakimu 13, inayoanza tena na 001, moja yako na moja ya mtoto. Ukiona tarehe mpya lakini namba za tiketi hazijaja ndani ya siku mbili, piga simu useme tiketi haijatolewa upya. Kisha muulize mhudumu namba ya safari yenu upande wa Qatar, kwa maana American anakupa herufi sita zake na Qatar naye ana herufi sita zake. Ingiza hizo za Qatar kwenye tovuti ya Qatar, hakikisha kwenye ndege zote nne mnaonekana wawili, chagueni na viti. Ukiona kimya huko Doha, rudi kwa American siku hiyo hiyo.

Mume wako mwache alivyo, aende na arudi Januari 4, kama anaweza kuvumilia kuikosa harusi. Tiketi yake haina ulegevu wa ya kwako. Flying Blue kwa kawaida hutoza ada ukifuta tiketi ya maili, na maili zikirudi, zitarudi Flying Blue. Hakuna njia ya kuzigeuza tena kuwa pointi za Chase. Akitaka kubaki, atafute kwanza siti ya Januari kwa utaratibu ule ule, alinganishe ada na tofauti ya maili, kisha aamue mwenyewe. Kuna hali moja tu ambayo ningemwambia akae macho: KLM wenyewe wakibadili ratiba. Shirika likifuta safari ya kuingia au kutoka Marekani, au likaisogeza kwa saa sita au zaidi kwenye safari ya kimataifa, na abiria akakataa mabadiliko, kanuni za Marekani zinataka arudishiwe alicholipa kwa namna alivyolipa, maili zikiwemo. Ulaya nako, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inawalinda hata waliosafiri kwa tiketi za maili. Kwa hiyo asipige simu leo kuomba jambo ambalo kesho huenda akapewa bure. Asome kila barua pepe ya KLM, hata zile zinazofanana na matangazo.

Na wewe hivyo hivyo. Qatar au American wakisogeza ndege zenu kabla ya Desemba, usibonyeze kukubali kwa haraka. Wapigie American, na kwenye simu hiyo unaweza kuomba tarehe yoyote ya karibu bila kulipa tofauti, na wahudumu huwa wapole zaidi kosa likiwa lao.

Zamu zako hospitali zimalize kuzipanga kabla ya kupiga simu, maana ukiondoka Januari 12, utatua Houston usiku au siku inayofuata, na hutaki kuomba ruhusa ya pili. Kamati ikisogeza tena, niandikie.