JIKO LA PELETI LINATOA MOSHI? USIKIMBILIE KURUDISHA HELA

Unauza majiko ya peleti mtandaoni? Basi hii meseji unaijua: "Jiko lako linatoa moshi tu, nirudishie hela yangu." Mteja yupo Kwihara, wewe upo Tabora mjini, boda kwenda na kurudi inakula faida yote. Kwanza muombe video fupi uone moto wenyewe.

Mara nyingi shida ni peleti, siyo jiko. Peleti ni maranda au pumba zilizoshindiliwa. Zikinyonya unyevu, na mvua za huku ni Novemba mpaka Aprili, joto linaishia kukausha maji badala ya kuivisha maharage. Mwambie avunje moja. Kavu inakatika "ka!" Ikipondeka kama biskuti iliyolowa, hiyo haifai. Unga wa chini ya mfuko auchekeche, unaziba hewa. Na wewe stoo yako vipi? Kiroba usikilaze kwenye sakafu ya simenti, weka juu ya mbao.

Halafu kuwasha. Majiko haya ya feni yanawashwa kwa juu. Peleti zisifike kwenye matundu ya juu, maana hapo ndipo hewa inakutana na moshi na moshi unawaka. Wengi wanajaza pomoni wakidhani moto utaongezeka. Wapi! Majivu amwage jiko likishapoa, feni iwe na chaji.

Na hili andika kwenye kila tangazo: asipikie chumba kilichofungwa, hata kama moshi hauonekani. Ile hewa ya sumu haina harufu.