Mafuta ya Mwili na Saratani: Tafakari Kuhusu Neno "Kunawiri"

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mafuta ya mwili na ugonjwa wa saratani. Hoja yake kuu ni kwamba msamiati wa kuusifu unene umekuwa pazia linaloficha hatari ambayo sayansi imekwisha kuibainisha.

Katika mazungumzo ya kila siku, aliyeongezeka uzito huambiwa amenawiri, ilhali aliyepungua huulizwa ana nini. Kitambi nacho huchukuliwa na wengi kuwa ishara ya ukwasi. Mtazamo huu una historia yake. Katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kuwafikia wengi, kukonda kulihusishwa na maradhi hayo. Unene ukawa ithibati ya siha.

Wanasayansi nao waliwahi kuyaona mafuta kuwa ghala la nishati tu. Mtazamo huo ulibadilika hasa mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipotangaza ugunduzi wa jeni la leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta. Ilidhihirika kwamba tishu hizo hufanya kazi mithili ya tezi.

Mafuta yaliyozidi huchangia saratani kwa njia kadhaa. Kwanza, tishu za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mwanamke anapokoma hedhi, tishu hizo huwa chanzo kikuu cha estrojeni, nayo huchochea seli za matiti na za mji wa mimba kugawanyika. Pili, mafuta mengi, hasa ya tumboni, huufanya mwili usiiitikie insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, ambayo pia huchochea ukuaji wa seli. Tatu, seli za kinga hukusanyika katika tishu hizo, mwili ukawa unajihami mfululizo kama wenye kidonda kisichopona. Kadiri seli zinavyogawanyika ndivyo uwezekano wa kasoro za jeni unavyoongezeka.

Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kwamba kuepuka unene uliokithiri hupunguza hatari ya aina 13 za saratani, zikiwemo za utumbo mpana, ini, figo, kongosho, mji wa mimba, na matiti baada ya kukoma hedhi.

Hata hivyo, si kila mnene hupata saratani, wala wembamba si kinga. Saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, husababishwa hasa na virusi. Aidha, kukonda bila sababu huweza kuwa dalili ya saratani yenyewe. Kwa hivyo, haifai kumkejeli mnene wala kumnyanyapaa aliyekonda. Wote wawili wanahitaji ushauri wa daktari.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika suala hili. Kitenzi "nawiri" kina asili ya Kiarabu na kina nasaba moja na neno "nuru". Maana yake ya msingi ni kung'aa, si kunenepa. Kulirejeshea neno hili maana yake ni kazi ya kiisimu, lakini pia ni huduma kwa afya ya jamii: atakayesifiwa kuwa amenawiri awe ni yule mwenye siha, awe mnene au mwembamba.